Ruta Inayojizima Saa Tisa Usiku

Maneno ya ofisi yetu kwa wanakamati wa parokia na wageni wafadhili, mkutano wa robo mwaka

Tumepewa nusu saa kabla ya chakula, na harufu ya pilau imeshafika huku mbele, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Katika ajenda ya leo kuna visima, kuna mikopo ya vikundi vya akina mama, kuna ada za watoto, halafu kuna neno "ruta". Katibu mmoja alitupigia simu juzi kuuliza kama hilo ni kosa la uchapaji. Si kosa. Tunazungumzia kile kisanduku chenye taa za kijani kinacholeta intaneti ndani ya nyumba. Mwaka 2024 tulishindwa kuwasilisha maombi ya fedha za visima vya vijiji viwili, na kisanduku hicho kilihusika. Wakati ule tuliwaandikia barua fupi yenye maneno "matatizo ya kiufundi". Wengi wenu hamkuridhika, na mlikuwa na haki. Leo tunaeleza kilichotokea, na tunaeleza jambo dogo lisilo na gharama ambalo kila nyumba ya parokia yenye intaneti inaweza kulifanya wiki hii.

Ofisi yetu hapa Morogoro, kama mnavyoijua, ni nyumba ya kawaida ya kuishi tuliyopanga. Intaneti tunayolipia ni kifurushi cha nyumbani cha faiba, kwa sababu kile cha makampuni kingetumaliza. Ruta moja inahudumia ofisi, chumba cha walimu wa kujitolea, na zahanati iliyo ng'ambo ya ua. Baada ya kuibiwa kompyuta ndogo, tuliihamishia stoo, tukaiweka juu ya kabati, tukafunga kufuli.

Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao wa umeme, mnaukumbuka. Umeme ulikatika karibu kila siku, nasi tulilalamika kila siku. Jambo ambalo hatukuliona ni kwamba katika miezi yote ile intaneti yetu haikuwahi kuganda. Umeme ukirudi, nayo inarudi, safi kabisa. Kisha mfadhili mmoja, ambaye tunamshukuru kwa dhati, akatununulia betri na inveta. Tangu siku hiyo ruta haikuzimika tena hata kwa dakika moja. Na tangu hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kurasa zinafunguka nusu, simu za video zinakata, zahanati inalalamika kwamba taarifa haziendi. Hatukuunganisha mambo hayo mawili. Nani angefikiri kwamba kukatika kwa umeme kulikuwa kunatusaidia?

Maombi yale ya visima yalikuwa yapelekwe kwa njia ya tovuti, na mlango ulifungwa saa sita usiku kwa saa za Ulaya ya Kati. Ilikuwa Septemba, kwa hiyo kwetu ni saa saba usiku. Saa tatu usiku tulikuwa tumemaliza kuandika na tumeanza kupandisha viambatanisho: bajeti, barua za serikali za vijiji, picha za mto wanakochota maji sasa. Saa tatu na robo kila kitu kikasimama. Taa za ruta, kwa kuchungulia dirishani, zilikuwa za kijani zote.

Ufunguo wa stoo alikuwa nao mhasibu wetu, na mhasibu alikuwa amekwenda msibani mkoa mwingine. Mmoja wetu akasema tuzime swichi kubwa ya nyumba ili ruta izimike. Tukazima. Nyumba yote ikawa giza, isipokuwa stoo, ambako inveta ilifanya kazi yake barabara na ruta ikaendelea kuwaka. Tukacheka, lakini si kicheko cha furaha. Tukajaribu intaneti ya simu. Viambatanisho vilikuwa vizito, mtandao ulikuwa dhaifu, vikakatika njiani mara tatu. Saa saba ikafika na ukurasa ukatuambia kwamba muda umekwisha.

Asubuhi fundi alikuja. Kabla ya kuvunja kufuli aliketi sebuleni, akafungua kivinjari kwenye simu yake iliyounganishwa na waifai yetu, akaandika 192.168.1.1. Ukurasa wa ndani wa ruta ukafunguka, polepole, ukidai neno la siri. Ruta ilikuwa hai kwa upande wa ndani. Iliyokuwa imeganda ni njia ya kwenda nje. Fundi akatuuliza neno la siri. Hatukulijua. Lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, ndani ya stoo.

Kwa maneno mengine, usiku ule tungeweza kuiwasha upya tukiwa tumekaa kwenye kochi.

Alivunja kufuli, akasoma neno la siri, akaingia. Ukurasa ulionyesha kwamba ruta ilikuwa imewaka siku 47 mfululizo. Akabonyeza kitufe kimoja. Dakika mbili baadaye zahanati walipiga simu kuuliza nani ametengeneza intaneti.

Hatutaki kumtupia kisanduku lawama zote. Maombi yangepelekwa siku mbili mapema, tusingekuwa na hadithi hii. Neno la siri lingeandikwa kwenye daftari la ofisi, tusingekuwa nayo pia. Lakini kisanduku nacho kina tabia zake, na ni vizuri tuzifahamu.

Ruta ni kompyuta. Haina kioo wala kibodi, lakini ina kichakataji, ina kumbukumbu ya kudumu inakokaa programu yake, na ina kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani huzimwa jioni watu wakienda nyumbani. Ruta haizimwi, na mara nyingi ndiyo yenye kumbukumbu ndogo kuliko vifaa vyote mlivyo navyo.

Katika kumbukumbu hiyo ya muda inaandika mambo mengi. Kila simu inapofungua ukurasa, ruta huandika mstari mmoja: kifaa fulani cha ndani kinazungumza na kompyuta fulani ya nje. Bila mstari huo, jibu likirudi haitajua limpe nani, kwa sababu nyumba nzima inaonekana kwa nje kama anwani moja. Simu moja ya kisasa inaweza kuwa na mistari mingi kwa wakati mmoja hata ikiwa mfukoni. Mistari mingine hubaki muda mrefu baada ya mazungumzo kwisha. Daftari likijaa, mzungumzaji mpya hapati nafasi. Wale waliokwisha kuandikwa wanaendelea, na ndiyo maana mtu mmoja anasema intaneti ipo na mwenzake aliye chumba hicho hicho anaapa kwamba haipo.

Kuna daftari la pili, la wageni. Kila kifaa kinachojiunga na waifai hupewa namba ya kukaa nayo, mara nyingi kwa siku nzima. Namba hizo zina idadi yake. Parokia moja walituambia kwamba intaneti yao hufa kila Jumapili mchana na kufufuka Jumatatu. Tulikwenda kuangalia. Baada ya misa vijana wote husimama kwenye ukuta wa nyumba ya paroko, na simu zao zinalijua neno la siri. Kila simu inachukua namba yake, inaondoka nayo hadi nyumbani, na ruta inaitunza namba hiyo kwa saa 24 ikimsubiri mwenyewe. Mhasibu anapofika na kompyuta yake, namba zimekwisha. Hapo dawa ya kweli ilikuwa kupunguza muda wa namba kutoka siku nzima hadi saa mbili, na kubadili neno la siri. La pili lilizua malalamiko makubwa kuliko la kwanza.

Halafu kuna kasoro za programu yenyewe. Programu inaomba nafasi kwenye kumbukumbu, inatumia, inasahau kuirudisha. Kidogo leo, kidogo kesho, mwisho nafasi inakwisha. Mtengenezaji akigundua kasoro hiyo hutoa toleo jipya, lakini visanduku vingi vya nyumbani havijawahi kupewa toleo jipya tangu siku viliponunuliwa. Ongezeni joto. Ruta iliyo juu ya kabati, ndani ya stoo, Morogoro, mwezi wa Desemba, inahema.

Ukiizima na kuiwasha, madaftari yote yanafutwa na programu inaanza upya. Waifai nayo, ikiwa imeachwa ijichagulie chaneli, mara nyingi huchagua wakati wa kuwaka. Kwa hiyo ikiwa jirani alileta ruta mpya mwezi uliopita, yetu inapata nafasi ya kumkwepa. Fundi wetu anasema kuwasha upya ni Panadol: homa inashuka, lakini malaria bado ipo. Tunakubaliana naye. Ila sisi tusiokuwa na hospitali ya ruta, Panadol ya kila wiki si jambo la kudharau.

Tukaamua kwamba ruta ijizime na kujiwasha yenyewe usiku, mtu asihitajike. Hapa ndipo tulipojifunza mengi, maana tulikosea mara tatu.

Ruta nyingi zinazouzwa madukani zina ratiba hii ndani yake. Unaingia kwenye ukurasa wa ndani kama alivyofanya fundi, kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani imeandikwa chini ya kisanduku. Kwenye TP-Link nyingi tafuta sehemu ya "System" au "System Tools", halafu maneno "Reboot Schedule". Kwenye ASUS ipo ndani ya "Administration", chini ya "System". MikroTik wanaiita "Scheduler", na pale unaandika amri yenyewe na siku ngapi zipite kati ya mara moja na nyingine. Unachagua siku, unaandika saa, unahifadhi. Dakika tano.

Sisi tulichagua saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano. Mwenzetu aliyekuwa kwenye kompyuta akaandika 09:00. Jumatano ikafika, saa sita kamili mchana, zahanati imejaa akina mama na watoto wa kliniki, muuguzi yuko katikati ya kuingiza taarifa, intaneti ikakata. Ikarudi baada ya dakika mbili. Hakuna aliyejua sababu. Jumatano iliyofuata, saa sita kamili, tena. Wiki ya tatu muuguzi mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba ni saa ile ile, akaja ofisini na uso wake tunaoujua. Mnaona kosa lilipo. Saa tisa usiku yetu, kwa ruta, ni 03:00. Ruta haihesabu saa tangu jua kuzama na kuchomoza kama sisi. Tafadhali, kabla ya kubonyeza kuhifadhi, mwiteni mtu wa pili asome ile namba.

Tukabadili: 03:00. Jumatano iliyofuata ikakata saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii tulidhani ruta imelaaniwa. Fundi akafungua sehemu ya saa na kuona kwamba ruta ilikuwa inafuata saa ya dunia, ile ya UTC, kama ilivyotoka kiwandani. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ruta iliamini kabisa kwamba ni 03:00. Akachagua UTC+3, na mambo yakatengemaa. Ndugu zetu mlioko Ulaya, kwenu kuna tatizo la ziada ambalo sisi hatuna: saa zenu zinasogezwa Machi na Oktoba, na ruta isiyoambiwa hivyo itachelewa au kuwahi kwa saa nzima.

Kosa la tatu halikutupata sisi. Lilikipata kituo kimoja chetu ambacho kijana wa kujitolea aliweka programu huria ya OpenWrt kwenye ruta ya zamani. Ni programu nzuri, na inaongeza umri wa kisanduku ambacho mtengenezaji wake amekitelekeza. Lakini sikilizeni. Ruta nyingi za nyumbani hazina saa yenye betri ndani, ile ambayo kompyuta ya mezani inayo. Zikizimika zinasahau saa. Zikiwaka zinakisia kwanza, halafu zinauliza saa sahihi kupitia intaneti. OpenWrt inakisia kwa kuangalia faili lililobadilishwa mwisho kati ya mafaili yake ya mipangilio. Sasa fikirini: imeagizwa kujizima saa 04:30. Inajizima. Inapowaka, kisio lake linaweza kuwa sekunde chache tu kabla ya 04:30 ile ile. Sekunde zinapita, ratiba inasema ni wakati, inajizima tena. Na tena. Kijana alikaa nayo mpaka kunakucha. Watengenezaji wa OpenWrt wanalijua jambo hili na maelekezo yao yanasema: agizo lianze kwa kusubiri sekunde 70, kisha liguse faili moja ndani ya /etc ili lipate saa mpya, ndipo lizime. Kwa njia hiyo, ikiwaka, kisio tayari limeshapita dakika ile ya hatari. Kijana hakusoma mstari huo. Nasi tusingeusoma.

Kwa hiyo kabla ya ratiba, hakikisheni mambo mawili: ruta inapata saa kutoka kwenye mtandao, na ukanda wa saa ni wa kwetu. Ukiona kwenye ukurasa wake kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, ujue haijapata saa kabisa, na ratiba yoyote utakayoandika ni ya kubahatisha.

Wengine mna visanduku vilivyoletwa na kampuni ya intaneti, ambavyo ukurasa wake umefichwa nusu na ratiba haionekani. Hapo ipo soketi yenye saa, ile ya duara yenye meno madogo pembeni, kila jino robo saa. Unasukuma jino moja la saa tisa usiku, umeme unakatika robo saa, unarudi. Bei yake ni ndogo na haihitaji neno la siri. Lakini ina ujinga wake: duara linazungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika saa tatu, duara linasimama saa tatu, na baada ya hapo ratiba yako imechelewa saa tatu mpaka mtu aje alisogeze kwa mkono. Kama eneo lenu umeme unakatika mara kwa mara, soketi hii itazurura mchana na usiku. Tena, mahali umeme unakatika mara kwa mara hamuihitaji. Ratiba mnayo tayari.

Soketi ina hatari nyingine. Ruta ikiwa inajiwekea toleo jipya la programu yake, na umeme ukakatwa katikati, kisanduku kinaweza kufa kabisa. Ratiba ya ndani ya ruta huzima kwa utaratibu, soketi haiulizi. Basi kama ruta yenu inajisasisha usiku, iache saa moja isasishe na chagueni saa nyingine kwa soketi. Na kama kompyuta ya ofisi inatuma nakala za kumbukumbu usiku, ulizeni inamaliza saa ngapi. Sisi tulichagua saa tisa baada ya kuzunguka nyumba nzima tukiuliza nani anatumia lini. Saa kumi isingefaa, masista wa zahanati wameshaamka.

Tuseme pia juu ya kitundu kidogo cha nyuma kinachoingia pini. Kile si cha kuwasha upya. Ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa kinafuta mipangilio yote na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani: jina la waifai, neno la siri, na mara nyingine hata jina na siri ya kuingilia kwa kampuni ya intaneti. Kamati moja, tusiitaje, walitumia kitundu hicho kwa nia njema Jumatatu, na intaneti yao ikarudi Jumatano ya wiki ya pili.

Ruta izimwe mara ngapi? Tumesikia wanaotaka kila usiku. Sisi tunasema mara moja kwa wiki. Kwa faiba au kwa ruta ya laini ya simu, kila usiku hakudhuru kitu, ila hakuongezi kitu. Kwa wenye intaneti inayopita kwenye nyaya za shaba za simu, kama wafadhili wetu wengi wa Uingereza majumbani kwao, tahadhari ipo: mitambo ya huko inaangalia kila laini, na ikiona laini inakatika na kuunganika mara nyingi inaweza kuihesabu kuwa mbovu na kuipunguzia kasi ili itulie. Mtu anawasha upya apate kasi, anapunguziwa.

Shirika la usalama la Marekani, NSA, katika mwongozo wake wa mitandao ya nyumbani wa Februari 2023, lilishauri angalau mara moja kwa wiki, na sababu yake si kasi. Mei 2018 FBI iliwaomba wenye ruta za nyumbani na za ofisi ndogo wazizime na kuziwasha, kwa sababu programu haramu iliyoitwa VPNFilter ilikuwa imeingia katika visanduku vipatavyo 500,000 kwenye nchi zisizopungua 54. Sehemu yake ya kwanza ilibaki hata baada ya kuwasha upya, lakini sehemu zilizofanya uharibifu zilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, zikafutika. Kwa hiyo usiku wa saa tisa unafagia kidogo hata wageni wa namna hiyo. Haukufungi mlango waliopitia. Mlango ni toleo jipya la programu na neno la siri ambalo si "admin".

Na kuna siku ambazo kuzima na kuwasha hakusaidii lolote. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Wiki ile ofisi yetu iliizima ruta na kuiwasha kila saa, na tunaamini ninyi pia. Tulikuwa tunasugua kikombe wakati kisima kimekauka. Siku hizi, kabla ya kugusa ruta, tunampigia jirani mwenye kampuni tofauti kumuuliza kama yeye anapata. Kama naye hana, tunapika chai.

Sasa kuhusu fedha, maana watunza hazina wameanza kuangalia saa. Kamati tatu zimetuandikia zikiomba ruta mpya. Tunawaomba, kabla hatujalipeleka ombi hilo kwa wafadhili, kila moja iweke ratiba ya wiki, iishushe ruta kutoka juu ya kabati, iangalie kama kuna toleo jipya, na mlinzi aandike kwenye daftari lake kila mara intaneti inapoganda kwa miezi miwili. Kama bado inaganda, tutanunua, na tutakuwa na daftari la kuonyesha. Adapta ya umeme nayo ijaribiwe kwanza. Adapta iliyochoka huifanya ruta nzima ionekane mbovu, na kuibadili ni nafuu kuliko kununua kisanduku kipya.

Mmeuliza kuhusu vile vijiji viwili. Tuliomba tena mwaka 2025, siku nne kabla ya mwisho. Tulipewa kisima kimoja. Fungu lilikuwa limepungua, walituambia, na mwaka uliotangulia lilitosha vyote viwili. Kijiji cha juu wana maji. Kijiji cha chini bado wanakwenda mtoni, na mwenyekiti wao amekaa pale mstari wa pili. Tulimweleza haya yote mwezi uliopita, nyumbani kwake, kabla ya kuyaeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ufunguo wa stoo sasa anao nani.

Nakala moja ya ufunguo iko kwa mhasibu, moja kwa muuguzi wa zamu, moja kwa mlinzi. Neno la siri la ruta limeandikwa ndani ya jalada la daftari la wageni. Maombi ya kisima cha pili yanapelekwa robo ijayo, na kamati ya kijiji imeomba kuwa na mtu wao ofisini siku ya kuyatuma. Tumekubali.

Fundi yupo hapa hadi saa kumi jioni. Waliokuja na picha ya karatasi ya chini ya ruta zao, mwoneni baada ya chakula.